Kosa Lenye Kanuni

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana wa darasa la tatu katika kijiji kimoja cha Iringa, nilimwuliza mtoto mmoja mbona hajibu swali langu. Alisimama, akashika ukingo wa dawati, akasema, "Sijibi, Mwalimu, kwa sababu..." Hakufika mbali. Darasa zima liliangua kicheko, nami, badala ya kuwanyamazisha, nilicheka pamoja nao. Kisha nikaandika ubaoni neno "sijibu", nikalipigia mstari, nikamwamuru alirudie mara tatu. Alilirudia. Tangu siku hiyo mpaka shule ilipofungwa mwisho wa mwaka, hakunyoosha mkono tena.

Jambo hili nilikuwa nimelisahau kwa miaka hamsini. Katika muda huo nilipanda cheo, nikawa mkufunzi, kisha mkuu wa chuo cha ualimu, nikawafundisha mamia ya vijana namna ya kusahihisha makosa ya watoto. Lililonikumbusha ni kitu ambacho sikukitazamia hata kidogo: kompyuta iliyokuwa ikijifunza vitenzi vya Kihispania. Namwomba msomaji anivumilie nilieleze jambo lenyewe tangu mwanzo wake.

Binti yangu ni muuguzi, na anaishi na watoto wake katika mji wa Salamanca, Hispania. Mwaka 2023 alinialika, nikakaa kwake miezi mitatu. Kwa mwalimu mzee mji ule si mgeni sana. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218, na ni mjini humo ambamo Antonio de Nebrija alichapisha, mwaka 1492, sarufi ya lugha ya Kikastilia, ambayo leo tunaiita Kihispania. Humo alivigawa vitenzi katika makundi matatu kwa kufuata viishio vyake: vya -ar, vya -er na vya -ir. Zaidi ya karne tano zimepita, na mtoto wa Kihispania anayeanza sarufi leo bado anafundishwa makundi hayo hayo.

Mjukuu wangu mkubwa, binti wa miaka 20, alikuwa akisomea mambo ya kompyuta. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi: waandike programu ambayo ukiipa kitenzi chochote cha Kihispania, itakupa maumbo yake yote. Kwa kuwa mchana mimi sikuwa na kazi ila kwenda kumchukua mdogo wake shule ya chekechea, nilikuwa nakaa naye mezani nikimwangalia, na yeye alipenda kunieleza. "Babu," alisema, "wewe ulikuwa mwalimu wa sarufi. Nikikueleza ukaelewa, basi nami nimeelewa."

Mwanzoni kazi ilionekana nyepesi. Chukua kitenzi "hablar", yaani kusema. Kata herufi mbili za mwisho, libaki shina "habl". Kisha bandika viishio: hablo, nasema, hablas, unasema, habla, anasema, hablamos, tunasema, habláis, mnasema, hablan, wanasema. Sisi Waswahili tunaweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi, wao wanaiweka mwishoni, na njeo pia wanaichanganya humo humo katika kiishio. Nafsi sita kwa kila njeo, njeo za kueleza na njeo za kutaka au kushuku. Ukijumlisha unapata maumbo zaidi ya hamsini kwa kitenzi kimoja, bila kuhesabu yale yanayotumia kitenzi kisaidizi. Hata hivyo, kwa kitenzi kilichonyooka, kanuni chache zinatosha kuyatoa yote. Jioni ya kwanza programu ilikuwa tayari, na mjukuu wangu alifurahi kama mtu aliyemaliza kulima shamba kabla ya jua kuwa kali.

Siku ya pili magugu yakaonekana. Alipoandika "contar", kuhesabu, kompyuta ilitoa "conto". Mhispania hasemi hivyo, husema "cuento". Lakini kwa "montar", kupanda farasi au baiskeli, husema "monto", sawasawa na kanuni. Nikamwuliza: Je, kompyuta itajuaje kwamba hiki kinageuka na kile hakigeuki? Akanijibu kwamba haiwezi kujua kwa kuyatazama maneno yenyewe. Vivyo hivyo "entender", kuelewa, hutoa "entiendo", lakini "ofender", kukosea mtu heshima, hutoa "ofendo". Hayo yana historia yake. Baadhi ya vokali fupi za Kilatini zilipasuka zikawa mbili pale mkazo wa sauti ulipoziangukia, ndiyo maana terra ya Kilatini, yaani ardhi, imekuwa tierra. Mkazo ukihamia kwenye kiishio, vokali inarudi ilivyokuwa: cuento, nahesabu, lakini contamos, tunahesabu. Anayekijua kitenzi huusikia mkazo huo. Anayekutana na kitenzi kwa mara ya kwanza hana pa kuushika.

Halafu kuna vitenzi vinavyokwenda njia yao wenyewe. "Tener", kuwa na kitu, hutoa "tengo", si "teno". "Caber", kuenea mahali, hutoa "quepo", neno ambalo hata sura ya mzazi wake halina. Na "saber", kujua, ambacho kwa kanuni kingetoa "sabo", hutoa "sé" tu, silabi moja.

Msomaji asidhani kwamba humo mna vurugu tupu. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyefanya kazi kubwa ya maisha yake nchini Chile, alichapisha mwaka 1847 sarufi ya Kihispania kwa ajili ya watu wa Amerika. Alionyesha kwamba hata vitenzi vikaidi vina koo zake. Umbo moja likikengeuka, linakengeuka pamoja na ndugu zake. Ukisema "tengo", nina, basi katika hali ya kutaka au kushuku utasema "tenga", "tengas", "tengamos", na g ile itabaki katika nafsi zote sita. Alionya pia kwamba tusihesabu kuwa ukaidi lile badiliko la herufi peke yake. "Buscar", kutafuta, huandikwa "busqué" katika wakati uliopita, kwa sababu sauti ya k mbele ya e katika Kihispania huandikwa qu. Sikio halioni tofauti yoyote, ni kalamu tu inayohangaika. Mjukuu wangu alipoyajua hayo programu yake ilipungua urefu. Aliacha kuandika kila kosa peke yake, akaandika koo.

Sasa nije kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Mjukuu mkubwa alikuwa bado hajaingiza orodha ya vitenzi vikaidi, na kompyuta ilikuwa ikitoa maumbo kwa kanuni tupu. Katika kioo likatokea neno "sabo". Tulicheka kidogo. Wakati huo huo mama yao akamwuliza yule mdogo, kitinda mimba wa miaka minne, viatu vyake viko wapi. Mtoto akainua mabega akasema kwa Kihispania, "No sabo." Sijui.

Tukatazamana. Ilikuwa neno lile lile.

Nikamwuliza dada yake: "Nani kamfundisha kusema hivyo?" Akasema: "Hakuna, Babu. Mtu mzima hasemi sabo. Katunga mwenyewe." Kisha mama yake akaongeza kutoka jikoni kwamba mtoto huyo, alipokuwa na miaka miwili na kitu, alikuwa akisema "no sé" vizuri kabisa kama watu wote. Sasa amekua, anakosea. Alidhani pengine ni kwa sababu nyumbani wanachanganya na Kiswahili.

Nilikosa usingizi usiku ule. Mtoto aliyepata jana na kukosea leo, sisi walimu tulizoea kusema amerudi nyuma. Lakini mtoto huyu hakurudi nyuma. Alipokuwa mdogo alishika "no sé" kama kasuku, kipande kimoja kisichogawanyika. Baadaye alisikia como, nakula; bebo, nakunywa; corro, nakimbia; akatambua, bila kuambiwa na mtu, kwamba anayejitaja mwenyewe huishilizia kwa o. Aliigundua kanuni. Na alipoigundua aliitumia kila mahali, hata pale ambapo wakubwa wameacha kuitumia. Kosa lake lilikuwa hatua ya mbele.

Wataalamu walikuwa wameliona jambo hili kabla yangu. Mwaka 1958 Jean Berko, huko Marekani, aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe asiyekuwako duniani, akakiita "wug", kisha akawaonyesha viwili, akawaacha wamalizie neno. Watoto wakatia kiishio cha wingi katika neno ambalo hawakupata kulisikia maishani mwao. Hawakuwa na mtu wa kumwiga. Kanuni ilikuwa tayari imo vichwani mwao.

Kuhusu kompyuta, ubishi mkubwa ulianza mwaka 1986. David Rumelhart na James McClelland walitengeneza mtandao wa viungo vidogo vingi vya hesabu, wakaulisha vitenzi vya Kiingereza pamoja na wakati wake uliopita, bila kuupa kanuni hata moja. Ukikosea, kila kiungo kilirekebishwa kidogo kuelekea jibu sahihi. Walianza na vitenzi 10 vya kawaida sana, halafu wakaongeza 410. Katikati ya kujifunza, mtandao ulianza kukosea vitenzi ulivyokuwa umevipata, kwa namna ile ile ya watoto, kisha ukatengemaa. Wakasema: Tazameni, hakuna kanuni kichwani, kuna mazoea tu. Mwaka 1988 Steven Pinker na Alan Prince wakawajibu kwamba kurudi nyuma kule kulitokana na wingi wa vitenzi vilivyonyooka kumwagwa kwa ghafla, na mtoto halishwi lugha namna hiyo. Wao walishikilia kwamba kichwani kuna kanuni, na pembeni yake kuna ghala ya maneno yasiyoifuata. Ubishi huo haujamalizika hadi leo, na Kihispania kimekuwa uwanja mzuri wa kuupima, kwa kuwa kanuni yake si moja, na hata ukaidi wake una utaratibu.

Na ubishi huo haukuwa mbali na sisi kama nilivyodhani. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alibuni njia ya kuiandikia kompyuta kanuni za maumbo ya maneno, na mwenzake wa Helsinki, Arvi Hurskainen, akaitumia kwa Kiswahili, akachapisha maelezo ya kazi hiyo mwaka 1992. Mwaka huo mimi nilikuwa chuoni nikifundisha sarufi kwa chaki, wala sikujua kwamba vitenzi vyetu vimekwisha kuingia katika mashine.

Mjukuu wangu hakuishia kwenye kanuni. Wiki zilizofuata alijaribu njia ya pili, ile ya kuiachia mashine ijifunze kwa mifano. Njia hii imepata nguvu kubwa siku hizi. Mwaka 2016 yalifanyika mashindano ya kimataifa ya kuziwezesha kompyuta kugeuza maneno ya lugha 10, Kihispania kikiwa mojawapo, na mtandao wa namna hii ndio ulioshinda. Kwa Kihispania ulipata zaidi ya 95 kwa kila 100. Yeye alikuwa na kompyuta ndogo tu ya mapajani. Aliipa maelfu ya maumbo, akaiacha izunguke usiku kucha, na kila baada ya muda iliandika majibu yake ili tuone imefika wapi.

Asubuhi tulisoma majibu hayo pamoja kama daftari la mwanafunzi. Mwanzoni yalikuwa takataka za herufi. Baadaye viishio vikaanza kukaa mahali pake. Kisha ikaanza kunyoosha kila kitu: "sabo" tena, "teno", "poní" badala ya "puse", niliweka. Mbele zaidi "tengo" ikatokea, na haikutokea peke yake. Ilifuatana na "vengo", nakuja, na "pongo", naweka, ndugu wa ukoo mmoja. "Sé" ikachelewa. "Quepo" haikuipata mpaka mwisho. Mjukuu wangu alinieleza sababu. Vitenzi vikaidi vinavyosemwa kila siku, kama kuwa, kwenda, kufanya, kusema, hudumu katika ukaidi wao kwa kuwa watu huvisikia mno, wala hakuna nafasi ya kuvisahau. Kisichosikiwa mara kwa mara huanza kuvutwa na kanuni. Hata Wahispania wazima wapo wanaosema "andé", nilitembea, ingawa wasomi wanataka "anduve".

Nilihesabu makosa ya mashine ile mpaka nikachoka. Yalikuwa maelfu. Ndipo lilipokuja wazo ambalo ndilo sababu ya kuandika ukurasa huu. Katika makosa yote yale, hakuna aliyeicheka mashine ikaacha kujaribu. Kila ilipokosea ilipewa umbo sahihi, ikaendelea na neno lililofuata. Kesho yake ilijibu tena kwa ujasiri ule ule.

Mchana ule nilikwenda kumchukua mtoto shuleni. Nilimkuta amesimama mbele ya mwalimu wake na kigari kilichong'oka gurudumu, akisema, "Se ha rompido." Kimevunjika. Neno sahihi ni "roto". Mwalimu yule, binti mdogo kuliko wakurufunzi wangu wa mwisho, aliinama akasema, "¿Se ha roto? A ver." Kimevunjika? Hebu tuone. Alilitamka neno sahihi, akalipita, akashughulika na gurudumu. Mtoto hakujua kama amesahihishwa. Ila njiani, alipokuwa akinieleza habari ile ile kwa lugha zake mbili, nilimsikia akisema mara moja "rompido" na mara moja "roto".

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule wa mwaka 1973. Nyumbani kwao walisema Kihehe. Kiswahili alikuwa anakijenga shuleni, tofali kwa tofali. Alikuwa amesikia napenda, sipendi, naenda, siendi, nasoma, sisomi. Akatambua kwamba anayekanusha huigeuza sauti ya mwisho kuwa i. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba jibu, rudi, samehe na fikiri, vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu, havigeuki mwishoni. Kwa hiyo akasema "sijibi". Kasuku hawezi kusema hivyo. Hiyo ilikuwa dalili ya akili iliyokuwa ikifanya kazi yake, na mimi, niliyelipwa mshahara kuitafuta dalili hiyo, niliicheka mbele ya watoto arobaini.

Sisemi kwamba makosa yaachwe. Mashine ile isingefika popote kama isingeonyeshwa umbo sahihi kila mara, na mtoto vivyo hivyo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nami nilikuwa nikiwasomea methali hiyo wanachuo kila mwaka. Lakini yako makosa ya uvivu na yako makosa yenye kanuni ndani yake, na mwalimu asiyejua kuyatofautisha humpiga mtoto kwa sababu ya kujifunza. Nilisahihisha maelfu ya madaftari kwa wino mwekundu, na sikumbuki hata mara moja kuandika pembeni: Hapa umekosea, lakini nimeona ulichokifikiri.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta. Haikuwa kazi, kwa kuwa anakaa kijiji kile kile, naye sasa ni mtu wa miaka sitini na ana wajukuu. Alinikaribisha vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," kama zamani, akanipa kiti kivulini. Tulizungumza habari za mahindi na mvua. Mwishowe nikamweleza kilichonileta, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuna neno, yale yalikuwa ya utoto.

Nikamwuliza: "Siku ile ulisema 'kwa sababu', tukakukatiza. Ilikuwa sababu gani?"

Akafikiri kwa muda mrefu, akijitahidi kweli kunisaidia. "Hiyo nimeisahau, Mwalimu," akasema. "Nakumbuka kile kicheko tu."

Nilimshukuru, nikanywa uji niliopewa, nikaondoka kabla giza halijaingia. Mwalimu unayesoma haya, kesho mtoto atasimama mbele yako na kusema neno ambalo halimo katika kamusi. Kabla hujachukua chaki, mwache amalize sentensi yake.